Hamsini ilinikuta sijajua kusema "siwezi"

Nina miaka 51. Ni muuguzi katika hospitali ya serikali hapa Tanga, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimefunga kipimo cha presha kwenye mikono ya watu nisioweza kuwahesabu. Mkono wangu mwenyewe sikuufunga. Miaka minne iliyopita, binti mmoja aliyekuwa mafunzoni wodini kwetu aliniomba ajifunzie kwangu. Akapima, akanyamaza, akapima tena. Nikadhani amekosea kusikiliza. Nikachukua mashine nyingine nikajipima: 172 kwa 108.

Sikuwa naumwa popote. Kichwa hakiumi, moyo hauendi mbio, na asubuhi ile nilikuwa nimetembea kwa miguu kutoka Ngamiani hadi kazini. Wagonjwa tunawaambia kila siku kwamba presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikajirudia siku tofauti, ni ugonjwa hata kama mwenyewe anajiona mzima. Nilikuwa nawaambia hayo kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa mtaa mwingine.

Daktari aliponipa dawa aliniuliza swali moja tu: "Nini kinakukosesha usingizi, dada?" Nikaanza kumtajia. Kadi tatu za michango ya harusi kwenye mkoba. Ada ya mtoto wa mdogo wangu. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, na mwingine mdogo, wa hawa wakopeshaji wa riba kubwa wanaoitwa kausha damu, niliouchukua ili nilipe rejesho la kikoba. Kabla sijamaliza nilikuwa nalia.

Mimi ni wa kwanza kuzaliwa kati ya watoto saba. Kwetu Muheza, mtoto wa kwanza akipata ajira ya serikali, ukoo mzima umepata ajira. Silalamiki juu ya hilo, maana hata mimi nilisomeshwa na mjomba aliyeuza machungwa. Kosa langu lilikuwa jingine. Sikujua kusema "siwezi". Nilikuwa na maneno mengine mawili badala yake: "tutaona" na "nitajitahidi". Kwako hayo ni maneno ya kuahirisha. Kwa aliyekuomba ni ahadi, na kesho yake ameshaipangia matumizi.

Mdogo wangu wa nne alipooa, niliahidi laki tano mbele ya kikao. Sikuwa nayo. Nikaikopa, na riba yake niliilipa karibu mwaka mzima, nikiwa na hasira naye kila mwisho wa mwezi ilhali yeye hajui lolote. Miaka mingi baadaye nilipomweleza, aliniangalia kwa mshangao. "Dada, ungesema huna, tungepunguza viti." Basi. Viti! Mimi nilikuwa nimelala macho makavu miezi kumi na moja kwa ajili ya viti.

Kwa hiyo wewe uliye na thelathini na kitu au arobaini, na simu yako ikiita tu tumbo linakaza, nisikilize. Jibu siku ileile uliyoombwa. Taja kiasi kamili, hata kama ni elfu kumi, na useme wazi kwamba ndicho ulicho nacho. Usitoe cha kukopa kwa jambo lisilo ugonjwa wala msiba. Wengine watanuna, na wawili kati ya ndugu zangu walinuna kweli, mmoja hadi Idi ikapita bila salamu. Walirudi. Kilichonishangaza ni kwamba waliorudi walianza kuniuliza habari zangu kabla ya kueleza shida zao.

Kuna jambo jingine wanawake hatulisemi. Nilipofika 48 nilianza kuamka usiku nimelowa jasho kama niliyenyeshewa, huku kifua kinawaka, na asubuhi namkaripia kila mtu. Mume wangu alidhani nimemchoka. Mimi muuguzi nilijua kabisa kwamba huu ni ukomo wa hedhi, kwamba huja kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, na kwamba baada yake hatari ya presha na maradhi ya moyo kwa mwanamke huongezeka. Nilijua, nikanyamaza miezi sita kwa aibu. Usiku nilipomwambia, akaenda kufungua dirisha, akarudi na kanga kavu. Tangu hapo kanga kavu hukaa upande wake wa kitanda.

Kuhusu presha yenyewe nitasema machache. Kaa kitako dakika tano kabla ya kupimwa, miguu isipishane, usizungumze, mkono uwe usawa wa moyo. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu pia ile iliyomo kwenye papa na achari, vitu ambavyo sisi watu wa Tanga tunavipenda mno. Na ukianza dawa usiache kwa sababu umejisikia nafuu. Hiyo nafuu inatokana na dawa. Nimepokea wodini watu wazima wenye nguvu zao, upande mmoja umepooza, na mke anaeleza kwamba aliacha vidonge mwezi uliopita kwa kuwa alikuwa amepona.

Mama yangu nilikuwa nikimtumia hela kwa simu kila mwezi na kujiona nimemaliza. Mwanangu mkubwa alipotoka kwenye bima yangu kwa sababu ya umri, nikamwingiza mama nafasi yake kati ya wale wategemezi wanne. Ndipo nikaanza kumpeleka kliniki mwenyewe. Njiani kwenye basi alinieleza mambo ambayo katika miaka yote ile ya kutuma hela sikuwahi kuyasikia: jinsi baba alivyolipata lile shamba la machungwa, nani alishuhudia, mpaka unapita wapi. Baba alifariki 2016 bila kuacha hata karatasi moja, na wadogo zangu wawili wa kiume walikaa miaka miwili hawasemezani kwa ajili ya miti kumi na minne ya upande wa bondeni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ipo tangu 1999, na kijiji kinaweza kutoa hati ya kimila. Hatukuuliza baba akiwa hai. Tuliona ni kama kumtakia kifo. Nakuomba uulize, hata kama mzee atakutazama vibaya siku hiyo. Sisi tulibahatika kwamba mama alikuwa bado anakumbuka, tukamkalisha mbele ya halmashauri ya kijiji akaonyesha mpaka kwa fimbo yake.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwake Muheza. Nilimpima presha barazani, ikawa nzuri, kisha akanilazimisha na mimi nijipime mbele yake: 134 kwa 84. Simu ikaita, mdogo wetu wa mwisho, kuhusu kipaimara cha mtoto wa mkubwa wake wa kazi. Nikamwambia, "Nina elfu thelathini, mdogo wangu, na naituma sasa hivi. Zaidi ya hapo siwezi."

"Haya dada, inatosha," akasema. "Dawa umekunywa?"

Mama akacheka, akanisogezea sahani ya machungwa aliyokwisha kuyamenya.