Neno "dirt" la Kiingereza: lini ni uchafu, lini ni udongo, lini ni siri ya mtu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri riwaya ya Kimarekani na nimekwama kwenye neno "dirt". Kamusi inanipa "uchafu", lakini nikiliweka napata "barabara chafu", "maskini mchafu" na waandishi wa habari "wanaochimba uchafu juu ya seneta". Mhariri amenirudishia kurasa zote. Kuna kanuni ya kufuata?

JIBU: Marahaba. Mhariri hajakuonea. Neno hili lilitoka kwenye "drit" ya Kinorsi cha kale (lugha ya zamani ya Skandinavia), maana yake kinyesi, na hiyo harufu haijaisha kabisa masikioni mwa Waingereza. Kwa Wamarekani wao ni udongo wa kawaida tu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza mwandishi ni wa wapi. Mtoto wa Kimarekani anayecheza kwenye "dirt" anachezea udongo au mchanga uani, wala hana haja ya kuogeshwa mara moja.

Kwenye barabara, angalia aina ya matini. Katika mazungumzo ya riwaya, "dirt road" ni barabara ya vumbi. Mvua ikinyesha, basi gari limekwama kwenye tope. Katika ripoti ya ujenzi andika "barabara ya udongo", maana wahandisi huitenga na ya changarawe na ya lami. Ukiandika "changarawe" hapo umeipandisha barabara daraja.

Pale ambapo ni uchafu kweli, Kiingereza kina neno moja, sisi tunagawa kulingana na mahali ulipo. Wa mwilini unaotokana na jasho ni nongo, wa kwenye meno ni ukoga, wa machoni ni tongotongo, wa chungu juu ya moto ni masizi. Tumia utajiri huo. "Uchafu wa meno" unaeleweka lakini unanukia tafsiri. Na katika maelekezo ya afya ukikuta "dirt" na "soil" zimewekwa pamoja kwa habari ya kidonda, ya kwanza ni uchafu na ya pili ni udongo. Usiziunganishe: udongo umetajwa peke yake kwa sababu ndiko vijidudu vya pepopunda hukaa.

Sasa seneta wako. Kwa Kiingereza wanatafuta "dirt on" seneta, na kipimo kiko kwenye kile kinachofuata "on". Kikiwa kitu au kiungo cha mwili (dirisha, uso, mikono), maana ni ya kawaida. Akiwa mtu mwenyewe, hasa kukiwa na kitenzi cha kuchimba, kupata au kuwa nacho, "dirt" ni habari za aibu ambazo mwenyewe angependa zifichike. Waandishi hao wanachimbua maovu ya seneta. Kama ni mambo ya zamani, wanafukua makaburi. Wengi hukimbilia "kumpaka matope" na hapo wanateleza. Kupaka matope ni tendo la kumchafulia mtu jina, mara nyingi kwa uongo, ilhali "dirt" inaweza kuwa kweli tupu na bado iko kabatini haijamwagwa. "Dish the dirt" ndiyo kumwaga sasa: kwa msomaji wa Dar es Salaam, kumwaga ubuyu, ukitaka lugha isiyo ya kijiweni, kueneza udaku.

Ikitangulia kivumishi, "dirt" haina maana yake tena, inakoleza tu. "Dirt cheap" ni bei ya kutupa. "Dirt poor" ni fukara wa kutupwa, au maskini hohehahe. (Utakutana na hadithi kwamba usemi huo umetoka kwenye sakafu za udongo za Uingereza ya miaka ya 1500. Ilisambaa sana kwa barua pepe mwaka 1999. Usemi wenyewe ni wa Kimarekani, wa karne ya 20.)

"Pay dirt" ni lugha ya wachimba dhahabu: udongo wenye dhahabu ya kutosha kurudisha gharama na kubakiza faida. Kwa maana halisi, mgodi umetema. Kwa mafumbo, kwa mfano mpelelezi aliyepata ushahidi baada ya miezi ya kuhangaika, "hatimaye mgodi ukatema" unafaa sana. "Udongo wa malipo" haumwambii mtu chochote.

Zilizobaki ni nyepesi. "Hit the dirt" risasi zikirindima ni "lala chini!" na aliyetendewa "like dirt" ameonwa takataka.

Kurasa zako basi: gari lilikwama kwenye barabara ya vumbi, alikulia katika ufukara wa kutupwa, waandishi wanachimbua maovu ya seneta. Kabla hujamrudishia mhariri, tafuta "chafu" kwenye faili zima, usome kila sentensi inayojitokeza na kujiuliza kama kuna kitu cha kufuliwa au kuoshwa hapo. Kisha rudia kwa "dirty", ambayo ina mitego yake: fedha ni haramu, mzaha ni wa matusi, na mtu aliyekutazama hivyo amekutupia jicho baya.