Mshumaa wa kahawa unazimika

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Burren, Ireland, hutengenezwa manukato na mishumaa yenye harufu ya mahali pale. Nami natamani harufu ya mji wa Moshi iwe ndani ya kopo, kwa nta ya nyuki na kahawa ya unga. Lakini utambi unazimika na katikati panachimbika shimo. Nakosea wapi? Msomaji, Rau.

JIBU: Dada, toa huo unga wote. Chembe huziba utambi, na zinazoelea zinaweza kushika moto. Shimo ni la utambi mwembamba: nta ya nyuki ni ngumu, huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65 za Selsiasi, basi joto haliwahi kufika ukingoni. Tumia utambi mnene zaidi, wa pamba iliyosukwa, na ulainishe nta, gramu 150 kwa gramu 50 za mafuta ya nazi. Yeyushia kwenye chombo kilichokalishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kwenye nyuzi 70 hivi tia gramu 12 za mafuta ya harufu ya kahawa, yale ya kutengenezea mishumaa, koroga polepole dakika mbili, mimina. Subiri wiki. Siku ya kwanza uache uwake mpaka uso wote uyeyuke.

Harufu ya asali iliyomo kwenye nta, nzuri mno, huifunika kahawa. Mchaichai hupenya zaidi, nao ni wa Moshi vilevile.