Usisimame katikati ya lango la ukaguzi

Mama yangu amewekewa betri ya moyo, kile kifaa kidogo kinachofichwa chini ya ngozi, karibu na bega, ili mapigo yaende sawa. Katika safari yetu ya kwanza baada ya upasuaji, king'ora cha lango la ukaguzi kililia akiwa katikati yake. Nikamkemea kwa woga: "Mama, simama hapo hapo, usitikisike!" Nilidhani namkinga, kumbe nilimgandisha mahali pasipofaa kabisa.

Lango lile hutafuta chuma tu, halina eksirei. Eksirei iko pembeni, kwenye mashine inayomeza mabegi. Ndani ya zile nguzo mna koili za waya. Umeme ukipita humo unazaa uga wa sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku. Chuma kikikatiza, mkondo mdogo huzuka ndani yake na mashine huhisi badiliko hilo. Ni kanuni aliyoigundua mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, basi. Ndiyo maana simwelewi anayemzuia mjamzito kupita hapo kwa hofu ya mionzi, ilhali simu ameiweka mfukoni siku nzima.

Kwa mwenye betri ya moyo, shida ni kukaa ndani ya uga huo. Ukipita kwa mwendo wako wa kawaida, unatumia sekunde moja au mbili, na madaktari hawaoni tatizo. Ukisimama au ukiegemea nguzo, kifaa kinaweza kudanganyika kwamba moyo unapiga wenyewe, kikanyamaza kwa muda. Vile vifaa vya kushtua moyo vinaweza hata kutoa mshtuko pasipo sababu. King'ora kikilia, basi, maliza kupita kwanza, maelezo yatafuata ng'ambo.

Kile kifimbo cha mkononi cha kutafutia chuma ndicho cha kuangaliwa zaidi, kwa kuwa afisa hukisogeza hadi kwenye mwili na pengine kukirudisharudisha mahali pale pale. Omba kisiwekwe juu ya kifaa, au omba upekuliwe kwa mkono. Sema mapema, ukiwa bado kwenye foleni, kadi ya kifaa, ile inayoonyesha umewekewa, ikiwa mkononi. Sisi tulikuwa tumeitia kadi ndani ya begi, na begi lilishaingia kwenye mashine! Usitarajie kadi ikusamehe ukaguzi, lakini.

Waliowekewa kifaa cha kusisimua neva kwenye uti wa mgongo au ubongo wawe waangalifu zaidi: uga unaweza kuvuruga mpangilio wa kifaa au kuwapa mtikiso wa ghafla, kwa hiyo wengi huambiwa waombe upekuzi wa mkono tangu mwanzo. Pampu za insulini hutofautiana. Nyingi hupita langoni bila shida lakini hazitakiwi kuingia kwenye eksirei, kwa hiyo soma kijitabu cha yako kabla hujaivua na kuiweka kwenye trei. Nyonga bandia ya chuma italiza king'ora tu, haidhuriki.

Safari iliyopita king'ora kililia tena. Mama hakusimama wala hakunitazama. Alipita, akageuka, akamwambia afisa kwa sauti ileile aliyokuwa akitulelea: "Ni mimi, mwanangu. Na hicho kifimbo chako, kiweke mbali na kifua changu."