Kabla Hujanunua Printa, Uliza Habari ya Chipu

Nina kibanda cha kutoa kopi na kuchapa karibu na chuo, hapa Dar es Salaam. Msimu wa wanafunzi kukabidhi tasnifu ndio mavuno yangu. Sasa mwaka juzi, katikati ya msimu huo, printa ikagoma. Katriji, kile kikasha cha tona (wino wa unga), nilikuwa nimeijaza wiki moja nyuma na ilikuwa inatoa maandishi meusi tii. Asubuhi ile ikaandika kwamba haiitambui, na foleni imefika barazani.

Nikamvamia fundi wangu Kariakoo: tona yako mbovu! Akacheka. "Dada, jana printa uliiunganisha na intaneti?" Kweli, kilitokea kidirisha nikabonyeza "kubali" bila kusoma. Programu ya ndani ya printa ikajisasisha, na tangu hapo ikaikataa chipu aliyoniwekea, kile kipande kidogo cha kielektroniki kinachoitambulisha katriji kwa printa.

Hapo ndipo nilipoelewa biashara hii. Printa huuzwa rahisi, faida inasubiriwa kwenye katriji. Fundi anayefungua katriji iliyokwisha, akasafisha dramu (silinda ya ndani), akajaza unga na kuirudisha kazini, anachota kwenye sahani ya kampuni inayotengeneza printa.

Huko Marekani wamefikishana mahakamani. Lexmark, kampuni ya printa, iliweka chipu kwenye katriji zake, na mwaka 2002 ikaishtaki Static Control iliyotengeneza chipu mbadala. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikaondoa zuio lililokuwa limewekewa chipu hizo. Lexmark pia iliuza katriji kwa punguzo, sharti uitumie mara moja kisha uirudishe kwake. Mwaka 2017, katika kesi yake na Impression Products, waliouza katriji hizo zikiwa zimejazwa upya, Mahakama ya Juu ikasema mwenye hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) akishauza kitu, hataza haimpi tena nguvu juu ya kitu hicho. Usidhani ni hivyo kila mahali: Japani, mwaka 2007, Canon, nayo kampuni ya printa, ilishinda kesi kama hiyo.

Lakini hukumu hizo hazikuondoa chipu. Septemba 2016 printa kadhaa za HP zilianza kukataa katriji zenye chipu za watu wengine. Wateja walipopiga kelele, kampuni ikaomba radhi na kutoa programu ya kufungua kizuizi. Utaratibu wenyewe haikuuacha. Kwa mtu wa kibandani kama mimi, hilo ndilo zito kuliko kesi zote.

Kwa hiyo, kabla hujanunua printa, mpelekee fundi jina la modeli. Muulize kama chipu yake inapatikana, na bei gani. Mimi nilianza na bei ya printa, nikalia baadaye. Ukishainunua, ingia kwenye mipangilio uzime kujisasisha kabla hujaiunganisha na chochote. Na weka katriji moja ya kiwandani kabatini kwa ajili ya msimu. Ni ghali, lakini foleni ikifika barazani utaiona rahisi.

Tena usichanganye iliyojazwa upya na feki. Feki inavaa boksi la kampuni kukudanganya. Ya fundi inajulikana ni ya fundi. Ingawa na mafundi wako wa kila aina: mmoja aliwahi kunijazia unga wa modeli nyingine, kurasa zikatoka na madoa siku nzima.

Na zile tupu za kiwandani msitupe, jamani. Nilikuwa nampa fundi bure mpaka nilipojua anazitafuta. Siku hizi ananikatia bei.