Dunia Ikisimama, Bahari Itahama

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: dunia ikiacha kuzunguka, nini kitatokea? Naomba nafasi ndefu kidogo kuliko kawaida, kwa sababu jibu linalotolewa haraka na wengi, kwamba sote tutarushwa hewani, ni la kweli lakini linaacha kando jambo kubwa zaidi. Jambo hilo ni bahari.

Kwanza tuelewane. Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake, ndipo tunapopata usiku na mchana, na papo hapo inalizunguka jua kwa mwaka mzima. Nazungumzia ule mzunguko wa kwanza tu. Wa pili uendelee kama kawaida.

Habari ya kurushwa nitaipitia upesi. Kwenye ikweta, ardhi na vyote vilivyo juu yake vinakwenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, yaani kama mita 465 kila sekunde. Sauti yenyewe husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde. Hatuhisi chochote kwa kuwa tunakwenda pamoja, hewa na maji vikiwemo. Mwamba ukisimama ghafla, kila kisichoshikamana nao kingeendelea na safari. Upepo wenye kasi kuliko sauti ungefagia nchi, na bahari ingepanda juu ya mabara. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 kasi ni nusu ya hiyo, na kwenye ncha kabisa mtu anageuka tu pale alipo, nyuzi 15 kwa saa, ingawa dhoruba ya kwingineko ingemfikia na yeye. Maangamizi, na hakuna zaidi la kujadili.

Lakini tuseme dunia inapunguza mwendo polepole, kwa miaka mingi, bila hata kikombe kumwagika. Hapo mtu angedhani tumeokoka. Hatujaokoka, na sababu ni umbo la dunia.

Dunia si duara kamili. Kujizungusha kumeifanya ivimbe katikati: kutoka kiini hadi ikweta ni kilomita 6,378, na kutoka kiini hadi kwenye ncha ni kilomita 6,357. Tofauti ni kilomita 21. Ndiyo maana kilele kilicho mbali zaidi na kiini cha dunia si Everest, wenye mita 8,849 juu ya usawa wa bahari, bali ni Chimborazo kule Ecuador, mlima wa mita 6,268 tu. Chimborazo umesimama karibu kabisa na ikweta, juu ya ule uvimbe.

Sasa tazama maji. Bahari ya ikweta iko kilomita 21 mbali zaidi na kiini kuliko bahari ya Aktiki, na bado haimiminiki kwenda huko. Kinachoizuia ni mzunguko peke yake. Ondoa mzunguko, na ncha zote mbili zinageuka kuwa bondeni. Kina cha wastani cha bahari hakifiki kilomita 4, na shimo lake refu kuliko yote, lile la Mariana, lina kilomita 11 hivi. Mteremko wa kilomita 21 ni mkubwa kupita yote hayo. Maji yangeiacha ikweta na kukusanyika kaskazini na kusini, yakaacha katikati mkanda mmoja wa nchi kavu unaoizunguka dunia nzima, sakafu za bahari za leo zikiwa sehemu yake. Zingebaki bahari kuu mbili zisizokutana. Kanada, Greenland na sehemu kubwa ya Urusi zingekuwa chini ya maji.

Hewa nayo ingeyafuata maji. Mahali penye fukwe za ikweta leo pangebaki na hewa nyembamba kama ile ya vilele vya Himalaya. Kwa hiyo ule mkanda mpya wa ardhi, ambao kwenye ramani ungeonekana kama zawadi, sehemu zake nyingi hazingekalika.

(Uzito wetu ungebadilika kidogo mno. Mtu wa kilo 70 aliyeko ikweta angeona mzani umeongeza gramu 240 hivi. Nalitaja kwa sababu wengi huamini kwamba mzunguko ndio unaotushikilia chini. Mzunguko hutupunguzia uzito. Kinachotushika ni mvutano wa dunia yenyewe, nao usingekwenda popote.)

Na bahari isingetulia huko ilikohamia. Mwamba ulio chini yetu pia hulegea na kubadilika umbo, ila kwa mwendo wake. Skandinavia mpaka leo inaendelea kuinuka baada ya kutuliwa mzigo wa barafu iliyoyeyuka zaidi ya miaka 9,000 iliyopita. Vivyo hivyo uvimbe wa ikweta ungeshuka pole pole, kwa maelfu ya miaka, huku matetemeko yakiandamana nao. Na kadiri mwamba unavyokaribia duara, ndivyo maji yangerudi tena kuelekea ikweta. Bahari ingehama mara mbili.

Siku ingekuwa mwaka. Jua lingechomoza magharibi na kuzama mashariki, miezi sita ya mchana kisha miezi sita ya usiku. Upande mmoja mimea ingekauka, upande wa pili ingeganda. Pepo zingevuma kati ya upande wa joto na ule wa baridi bila kupindishwa kama zinavyopindishwa sasa, na vimbunga vinavyojiviringa baharini visingekuwa na cha kuviviringisha.

Je, yanaweza kutokea? Dunia kweli inapunguza mwendo, na anayeipunguza ni mwezi. Kujaa na kupwa kwa maji ni breki. Mwaka 1963 mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, John Wells, wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyachunguza matumbawe ya kale yenye umri wa karibu miaka milioni 400. Tumbawe huongeza kimstari chembamba kila siku, na vimstari hivyo hukazana na kutawanyika kufuata majira, hivyo mwaka mmoja unajulikana ulipoanzia na ulipoishia. Matumbawe ya leo huwa na vimstari kama 360 kwa mwaka. Katika yale ya kale Wells alihesabu karibu 400. Urefu wa mwaka haukuwa umebadilika. Siku ndizo zilikuwa fupi, saa 22 hivi kila moja. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa ushahidi mzuri kuliko wote katika sayansi, kumbukumbu ya mzunguko iliyoandikwa na mnyama mdogo asiye na macho.

Msukumo wa mzunguko ambao dunia inaupoteza, mwezi unaupokea. Kwa hiyo unajitenga nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka, umbali unaopimwa kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo ambavyo vya kwanza viliachwa huko na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969. Na kama dunia ingesimama kabisa, kazi hiyo ingegeuka. Mwezi, unaotuzunguka kwa siku 27 na kitu, ungekuwa ndio wenye kasi, ungeyakokota maji mbele na kuanza kuizungusha dunia upya, pole pole mno, huku wenyewe ukitukaribia.

Kwa hiyo breki hii haiwezi kuisimamisha dunia. Mwisho wake, kwa hesabu za wataalamu wa elimu ya anga, ni siku moja yenye urefu wa siku zetu 47 hivi, dunia na mwezi vikitazamana upande mmoja daima. Ila safari hiyo inahitaji makumi ya mabilioni ya miaka, na jua litavimba na kuwa jitu jekundu baada ya bilioni 5 hivi.