Machozi juu ya nguo za mtoto hayasemi kwamba unataka mwingine

Dada uliyeuliza, nimesoma swali lako pamoja na maoni ya wenzetu, na nimeona niandike kwa urefu kwa sababu jambo hili nimelipitia. Umesema kwamba wewe na mumeo mmekubaliana kuwa watoto wawili wanatosha, kwamba kitanda cha mtoto kimeziba ujia wa nyumba yenu na sanduku la nguo liko chini ya kitanda chenu, na kwamba kila ukilifungua ili uzigawe unaishia kulia na kulifunga tena. Unataka kujua iwapo machozi hayo ni dalili kwamba moyo wako bado unataka mtoto, na pia vitu hivyo uvipeleke wapi. Nitaanza na hilo la kwanza, maana ndilo gumu.

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa mtaa wa Donholm, Nairobi. Nililia kama wewe, na katika kipindi hichohicho hedhi yangu ilichelewa mwezi mmoja. Sikuhisi hata chembe ya furaha. Nilihisi hofu tupu, nikaanza kupiga hesabu ya karo, ya kodi ya nyumba na ya umri wangu, na kipimo kilipoonyesha kwamba sina mimba nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka mume wangu akatoka sebuleni kuuliza kuna nini. Haukupita muda mrefu nikashika fulana ndogo ya kifunguamimba wangu, na machozi yakanitoka tena. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana, ndipo nikaelewa kwamba sikuwa nikimlilia mtoto ambaye hajazaliwa. Nilikuwa nikiwalilia hawa niliokuwa nao, ambao wakati huo walikuwa shuleni na hawatakuwa wachanga tena hata nikizaa wengine watano. Jaribu kujiuliza hivi: unaposhika nguo hiyo, unaona sura ya nani ndani yake? Ukiona mtoto mpya usiyemjua, basi kaeni tena na mumeo mzungumze kabla hujatoa chochote. Lakini ukiona wale wawili uliowazaa, kama mimi nilivyowaona watatu wangu, hiyo ni huzuni ya kawaida ya mzazi, na haidai mimba.

Usitarajie mama yako aielewe mara moja. Wangu hakuielewa. Yeye alizaa katika miaka ambayo mwanamke wa Kenya, kwa wastani, alipata watoto wapatao 8, ilhali utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa watoto 3.4, na hapa Nairobi ni wachache zaidi. Katika nyumba yetu sweta moja ilivaliwa na mtoto baada ya mwingine mpaka viwiko vikatoboka, ikafumuliwa na uzi wake ukafumwa kitu kingine, au ikaishia kuwa kitambaa cha kupangusia meza. Nguo zilikwisha kabla uzazi haujakwisha, na kwa hiyo mama hakuwahi kukaa mbele ya sanduku la nguo nzima, safi, zilizovaliwa miezi mitatu tu, akalazimika kuamua. Huzuni hii ni yetu sisi tunaozaa wachache, na ninaona si haki kujilaumu kwa kukosa ujasiri ambao mama zetu hawakuwahi kuuhitaji.

Kwetu kulikuwa na jambo jingine, ambalo huenda kwenu halipo. Sisi ni Wakikuyu, na kwa desturi yetu mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi zao. Nilijaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, kwa hiyo mabibi wote wawili walipata majina yao, baba mkwe akapata lake, na baba yangu mzazi akabaki bila. Hakuna aliyenilazimisha, lakini kila mkutano wa familia ulikuwa na shangazi wa kuuliza kwa kicheko kama nimeshamsahau baba. Kwa muda mrefu sanduku lile lilikuwa jibu langu kwao, kana kwamba nguo za mvulana zikiwapo, basi jina nalo linasubiri. Nilipomweleza baba, alinikumbusha kwamba nina kaka, na kwamba mwana wa kwanza wa kaka yangu ndiye anayepaswa kulibeba jina hilo hata hivyo. Alisema bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti. Ninalitaja hili kwa sababu mara nyingi kinachotuzuia kutoa nguo ni deni fulani tunaloamini tunadaiwa na watu wengine, na inafaa kulitambua na kulizungumza na yule tunayedhani anatudai kabla ya kudhani kwamba shida iko kwenye nguo.

Wapo walioandika hapo juu kwamba usitoe kitu mpaka uwe umefunga kizazi. Sikubaliani nao. Kufunga kizazi ni uamuzi ambao wahudumu wa afya hutuambia tuuchukulie kuwa wa kudumu, na mtu asiuharakishe kwa sababu ya kitanda kilichoziba ujia. Mimi nina koili ya shaba, yaani kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya kizazi, ambayo hukaa miaka 10 au zaidi na huweza kutolewa siku yoyote. Nilitoa vitu vyote huku mlango huo ukiwa haujapigwa kufuli. Iwapo siku moja mtabadili nia, nguo ndizo zitakazowagharimu kidogo kuliko vyote. Ukienda soko la mitumba la Gikomba asubuhi wakati robota la nguo linapofunguliwa utarudi na mfuko uliojaa, na bado hujaanza kuwazia kliniki wala karo.

Gikomba ndiko nguo nyingi za wanangu zilikotoka, na huko ndiko nilikopata faraja ambayo sikuitarajia. Nilipokuwa nikizipanga, niliona kwenye ukosi wa koti moja utepe ulioshonwa kwa mkono wenye jina la mtoto wa Kizungu. Nilikuwa nimelifua koti hilo mara nyingi bila kuliangalia kwa makini. Mwanamke fulani, katika nchi ambayo siijui, alikaa akashona jina la mwanawe pale, na baadaye akaliweka koti ndani ya mfuko akalitoa. Huenda naye alilifungua na kulifunga sanduku lake. Sehemu kubwa ya vitu nilivyokuwa nikiona uchungu kuviacha ilikuwa imekwisha kuachwa mara moja na mama mwingine, nami nilivipokea kwa furaha bila kumfikiria hata kidogo. Tangu hapo niliacha kuona kwamba ninavitupa.

Kuhusu pa kuvipeleka, naanza na mtu ambaye wengi tunamsahau. Dada aliyenisaidia kazi za nyumbani na kulea wanangu wote watatu alizijua nguo zile kuliko nilivyozijua mimi, kwa kuwa ndiye aliyezifua na kuzianika nilipokuwa kazini. Nilimwomba achague kwanza, kabla ya ndugu na kabla ya majirani, kwa kuwa ana mtoto mdogo Kitui anayelelewa na mama yake. Alichukua sweta chache na blanketi, kisha akaomba leso aliyokuwa akimbebea kitinda mimba wangu mgongoni, ambayo ilikuwa imechakaa na isingemfaa mtoto yeyote. Hapo nikajua kwamba nyumbani mwetu si mimi peke yangu niliyekuwa nikiaga. Kama nawe unaye msaidizi wa namna hiyo, tafadhali mpe nafasi ya kuchagua, badala ya kumkabidhi mabaki baada ya wengine kumaliza.

Kwa ndugu wa karibu, mimi ningetoa kwa tahadhari, na najua wengine watanipinga. Ukimpa wifi yako kigari cha mtoto, utakiona kila Krismasi, utaona gurudumu limevunjika, na utatakiwa kunyamaza. Kama huwezi kunyamaza, kiuze kwa mtu usiyemjua kupitia kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa mtaani kwenu. Vitu vikubwa huuzika haraka, na mwenye kununua hukitunza kwa kuwa amekilipia. Kitanda cha watoto wangu kilitengenezwa na fundi wa Ngong Road na kiliuzwa kwa njia hiyo. Kabla ya kuuza, pima nafasi kati ya fito: isizidi sentimita 6, yaani kopo la soda lisiweze kupita, na kama upande wake mmoja ni wa kuteremshwa na kupandishwa usimpe mtu yeyote, kwa maana Marekani ilipiga marufuku vitanda vya namna hiyo mwaka 2011 kwa sababu vilisababisha vifo vya watoto. Kiti cha gari nacho kina tarehe ya mwisho iliyochapishwa chini au nyuma yake, na kikiwa kimewahi kuwa ndani ya gari lililogongwa hakifai tena. Chupa na chuchu zilizotumika tupa tu.

Wengi hukimbilia makao ya watoto. Serikali yetu ina mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 unaolenga kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika malezi ya familia, na mimi ningependelea nguo ziende moja kwa moja kwa mama anayelea mwanawe katika hali ngumu. Hospitali kubwa za umma zina idara ya ustawi wa jamii, na maofisa wake huwajua akina mama waliojifungua bila hata shuka la kumfunikia mtoto. Nenda uulize kwanza wanachohitaji. Wapo pia watoto wanaoishi na mama zao katika Gereza la Wanawake la Lang'ata, kwa kuwa sheria inawaruhusu kukaa nao mpaka wafikishe miaka minne. Huko nguo za mwaka wa pili na wa tatu zina kazi, ilhali watu wengi hutoa zile za wachanga tu.

Mama mkwe alinionya nisitoe zote. Nilimsikiliza, kwa heshima yake na kwa sababu nilitaka kusikia hivyo, nikabakisha shali moja na fulana moja ya kila mtoto katika bahasha inayotosha kwenye droo. Usiruhusu ikawa sanduku tena. Na kabla mfuko haujatoka nyumbani pekua mifuko yote ya pembeni ya begi la kliniki, maana kijitabu cha afya ya mama na mtoto hupenda kubaki humo pamoja na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Shule nyingi za chekechea zitakuomba nakala ya ukurasa wa chanjo, ikiwamo ile ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18, na kumtafuta mtu uliyempa begi ili akurudishie kijitabu ni usumbufu usio wa lazima.