Mshono wa Suti na Mshono wa Daktari: Maswali Yenu na Majibu

Barua za safari hii ni za aina mbili: nguo za kazini na upasuaji wa urembo. Nilitaka kuzitenga nikashindwa, kwa kuwa anayeuliza avae nini akirudi ofisini mara nyingi ndiye huyo huyo anayeuliza amwambie nini mtoto nyumbani. Nimeziacha zichanganyike. Ya kitabibu nayasema kwa ujumla tu. Daktari aliyekupasua ndiye anayeujua mshono wako, msikilize yeye kabla yangu.

Shangazi, kila blauzi ya vifungo ninayonunua inaachia kifuani. Nikinunua kubwa zaidi, kiunoni inanipwaya kama ya kuazima. Nifanyeje?

Nunua inayokutosha kifuani, kisha umpelekee fundi aipunguze kiunoni. Kupunguza ni kazi ndogo. Kuongeza ndiko kunakoshindikana, maana kitambaa hakipo. Mwambie pia ashone kishikizo cha kubonyeza, kile kidogo cha chuma, kwa ndani, katikati ya vifungo viwili vinavyoachia. Hakionekani kabisa. Pini iache iwe ya dharura. Inatoboa kitambaa, na siku moja itakutoboa wewe katikati ya kikao.

Shikamoo Shangazi. Nimezaa mara tatu na mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo. Wanangu wana miaka 4, 7 na 11. Mama mkwe anasema niwaambie nasafiri kikazi. Mume wangu anataka tuseme naumwa. Mimi mwenyewe sijui niseme nini.

Marahaba, mwanangu. Kwa heshima zote kwa mama mkwe, safari haitafaa. Utatoka hospitali unatembea umeinama, pengine na vimirija vya kutoa majimaji, na utakaa kama wiki 6 bila kumbeba huyo wa miaka 4. Hakuna safari ya kikazi inayomrudisha mtu katika hali hiyo. Wa miaka 11 atajua siku hiyo hiyo, na ataondoka na fundisho kwamba kuna jambo la aibu ambalo watu wazima wamekula njama kulificha. La mume nalo lina hasara yake: mtoto akiambiwa mama anaumwa, anaanza kuwakumbuka wote aliowahi kusikia waliugua wakafa.

Waambie kweli, kila mmoja kwa kadiri yake. Wa miaka 4 mwambie siku mbili tatu kabla, si sasa, maana kwake mwezi hauna mwisho. Maneno yasizidi haya: "Mama atakwenda hospitali. Siumwi. Daktari atalirekebisha tumbo langu, nitalala huko, kisha nitarudi. Baba ndiye atakayekuogesha." Kinachomshughulisha yeye si tumbo. Anataka kujua nani atamwogesha na nani atamlaza. Anza mapema kumzoeza kupanda kochi mwenyewe akae ubavuni kwako badala ya kukurukia, ili siku ukikataa kumbeba asidhani umemchukia.

Wa miaka 7 atataka kujua inafanywaje. Kuna kisu? Kuna damu? Utasikia? Mjibu kwamba ipo dawa ya hospitali inayomfanya mtu asisikie chochote mpaka kazi iishe. Usiishie kwenye "watanilaza usingizi," kwa sababu wapo watoto ambao wakishasikia hivyo wanaogopa kulala usiku. Akiuliza kama utaumia, sema ndiyo, kwa siku kadhaa, na dawa za maumivu zipo. Anaweza pia kuuliza kama utakufa. Usicheke na usimkemee. Mwambie ndiyo maana madaktari wamekupima damu na moyo kabla ya kukubali, na kwamba wewe na wao mnatarajia urudi nyumbani.

Wa miaka 11 atauliza kwa nini. Hapo ndipo akina mama wengi hujikwaa, kwa sababu jibu lililo karibu na ulimi ni "kwa sababu ya kuwazaa nyinyi." Kwa upande wa maumbile si uongo: mimba huitenganisha misuli miwili ya mbele ya tumbo, na kwa baadhi yetu hairudi kukutana hata kwa mazoezi, na ngozi iliyovutika sana hairudi yote. Mweleze hivyo hivyo, kama somo la sayansi. Ila usimtwishe mtoto deni la tumbo lako. Sema, "Tumbo hili lilifanya kazi kubwa na sijutii. Sasa nimeamua kulirekebisha kwa sababu mimi mwenyewe nataka." Hayo maneno ya mwisho ndiyo magumu kutamka. Wanawake tumezoea kulitafutia udhuru wa kitabibu kila tunalolitaka. Kama mgongo unakuuma, utaje. Kama haukuumi, usiusingizie.

Na kuanzia leo chunga unayoyasema mbele ya kioo. Ukiliita tumbo lako balaa kila asubuhi ukivaa sketi, hayo mazungumzo matamu hayatasaidia kitu. Wa miaka 11 naye ana tumbo, na anasikiliza.

Kuhusu majirani: usiwabebeshe watoto siri. Waambie habari za mwili wa mama huzisimulia mama, na anayeuliza aelekezwe kwako. Huko kwako mjibu upendavyo, au usimjibu.

Nilirekebisha pua miaka mitatu iliyopita. Binti yangu wa miaka 14 ana pua ile ile niliyozaliwa nayo. Juzi ameniuliza, "Kama ile yako ilikuwa mbaya, hii yangu ni nini?" Nilikosa la kusema.

Swali lake ni la haki, na limekaa moyoni mwake muda mrefu kuliko unavyodhani. Usikimbilie "wewe ni mzuri sana, mwanangu." Hakuuliza kama ni mzuri. Ameuliza kama ulipoiondoa pua yako ulikuwa unaihukumu yake.

Rudi kwake wewe, usingoje aulize tena. Mwambie uliamua ukiwa na umri gani, ulifikiri kwa muda gani, nani alikuwa akikutania kuhusu pua hiyo ulipokuwa mdogo kama alikuwepo, na nini hakikubadilika baada ya hapo. Hilo la mwisho lina uzito. Kama ulitarajia kujiamini kazini ukakuta bado unatetemeka ukisimama kuzungumza mbele za watu, mwambie. Kama kweli umefurahi, mwambie pia. Kijana wa miaka 14 anainusa kauli ya kujitesa kama anavyoinusa ya uongo.

Huenda swali la pili likawa kama naye anaweza kufanyiwa. Jibu la leo ni hapana, na sababu ipo: pua bado inakua. Kwa wasichana madaktari husubiri kwa kawaida mpaka miaka 15 au 16, na hata baada ya upasuaji uvimbe wa ncha huchukua kama mwaka mzima kwisha. Lakini ukimwona anakaa kwenye kioo kwa saa nyingi, anakataa kupigwa picha, anakwepa shule kwa sababu ya uso wake, hilo limevuka mambo ya urembo. Mtafutie mshauri wa afya ya akili. Kuna maradhi ambayo mtu huona kasoro ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo mno, na kisu hakiyaponyi.

Na utani wa pua za ukoo mezani ukome. Hata ule wa babu.

Nimepunguza matiti, narudi ofisini wiki ya tatu. Nguo zangu zote zimekuwa kubwa. Ninunue suti mpya sasa?

Usinunue. Uvimbe unaendelea kushuka kwa miezi kadhaa, na umbo unaloliona wiki ya tatu silo utakalobaki nalo. Ukitumia mshahara wote sasa, baada ya miezi sita utarudi dukani tena.

Kwa wiki hizi unahitaji vitu vichache tu: blauzi au gauni linalofunguka mbele, kwa sababu kuinua mikono juu ya kichwa ili kuvaa kutakuuma, kitambaa laini, pamba au viskosi, kisichokwaruza mshono, na koti jepesi lisilobana kwapani, ambalo litaificha ile sidiria ya kubana uliyopewa hospitali. Ichague nguo yenye rangi iliyokoza au maua maua, maana mshono mbichi unaweza kutoa doa. Mkoba wa begani uweke kando kwanza, ubebe wa mkononi usio na mzigo. Kompyuta ya ofisi ilale ofisini.

Baadaye, umbo likishatulia, yapeleke makoti yako ya zamani kwa fundi kabla hujayagawa. Kifua hupunguzwa kirahisi. Mabega ndiyo kazi ngumu, na koti likikutosha mabegani bado ni mali.

Wenzako wakiuliza, "nilikuwa kwenye matibabu, sasa naendelea vizuri" inatosha. Anayeendelea kuuliza baada ya hapo ana shida yake.

Nachoma sindano za kulainisha mikunjo ya paji la uso. Mwanangu wa miaka 5 ananiuliza, "Mama, umekasirika au hujakasirika?" Nicheke au nilie?

Cheka, kisha umjibu. Dawa hiyo hulegeza misuli ya kati ya nyusi, ile ile tunayokunjia uso, na Marekani iliidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 2002. Mtoto wa miaka 5 husoma uso kabla ya maneno, na wewe umemfutia ukurasa mmoja. Nguvu yake hupungua baada ya miezi 3 au 4. Mpaka wakati huo sema kwa mdomo: "Nimekasirika kwa sababu umemwaga maji makusudi." Si vibaya hata kwa wenye mikunjo yao yote.

Ofisini kwetu kiyoyozi kinatugandisha sisi wanawake, wanaume wanasema hewa ni safi. Navaaje bila kuonekana nimekuja na blanketi?

Hujilegezi. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba kanuni ya kupanga joto la maofisi ilijengwa miaka ya 1960 juu ya mwili wa mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Wanawake kwa wastani huzalisha joto kidogo kuliko huyo bwana. Mwonyeshe meneja hilo kwanza, kisha ndipo uvae.

Vaa tabaka nyembamba. Fulana ya ndani inayogusa ngozi, blauzi juu yake, kisha sweta jembamba la sufu la kufungua mbele, rangi moja na suruali. Sweta la rangi ile ile huonekana kama sehemu ya suti. La rangi nyingine huonekana kama la kuazima. Soksi nazo zisidharauliwe.

Bosi wangu anasema wanawake wa mapokezi lazima tuvae skuna. Miguu inaniwaka. Nina haki ya kukataa?

Inategemea sheria za nchi uliyopo, lakini hauko peke yako. Desemba 2015 jijini London, Nicola Thorp alirudishwa nyumbani kutoka kazi ya mapokezi kwa kuvaa viatu vya chini; ombi aliloanzisha mwaka 2016 likavuka saini 150,000 na kufika Bungeni. Mwaka 2017 jimbo la British Columbia huko Kanada liliwazuia waajiri kulazimisha visigino virefu, na Ufilipino nayo ikafanya hivyo mwaka huo huo. Japani, Yumi Ishikawa aliliamsha jambo hili mwaka 2019.

Omba kanuni ya mavazi kwa maandishi. Amri nyingi za namna hii hazijaandikwa popote, na bosi akiombwa kuziandika hulegea. Ikiwa imeandikwa, angalia wanaume wanadaiwa nini. Ukikuta wao wanatakiwa tu "kuwa nadhifu," hapo una hoja. Peleka na cheti cha daktari ukiwa nacho. Wakati unasubiri, tafuta kisigino kifupi na kipana, chenye ncha ya mbele isiyobana vidole. Mchongoko wa mbele unaumiza karibu sawa na urefu wa nyuma.

Na ikibidi kuvaa hizo skuna, zivalie ofisini tu. Njiani vaa raba, bila kuona haya.

Nina pesa ya suti moja tu. Rangi gani?

Bluu iliyokoza. Nyeusi inaonyesha kila uzi na kila vumbi, na sketi nyeusi ya kitambaa kimoja haiendani na koti jeusi la kitambaa kingine. Kabla ya kulipa, keti nayo, inua mikono, inama kama unayeokota kalamu. Ikigoma hapo iache, hata kama imekupendeza ukiwa umesimama. Pesa ikiruhusu ongeza suruali ya pili ya kitambaa hicho hicho, kwa kuwa suruali huchakaa kabla ya koti, na uzisafishe zote kwa pamoja ili zipauke sawasawa.